Sura ya Sita: Tarehe kwa Wino Mwingine

Siku ya kumi na tisa tangu Sylvère fundi mwashi atiwe ndani, mke wake alimvizia Inspekta Hamimu mlangoni pa ofisi ya upelelezi, akamshika mkono wa koti na asimwachie. Jina lake Candide, mwanamke wa heshima zake. Siku zote hizo alikuwa akija na kikapu cha chakula, anamkabidhi askari wa zamu, anakaa chini ya ukuta mpaka kikapu kirudi kitupu, kisha anarejea kwao Carama kwa miguu. Hamimu alikuwa akimpita kila asubuhi. Alikuwa akimsalimu pia, maana Hamimu ni mtoto wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili, aliyelelewa akaleleka, na salamu haimchoshi mtu.

"Papa, soma kwanza hii karatashi," alisema Candide. "Yule musaidizi wako Gaspard nilisha mupa mara mbili. Anasema haina kazi."

Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa plastiki wa chumvi. Candide alieleza kuwa aliikuta kwenye suruali ya kazi ya mumewe alipokuwa anataka kuifua, siku ya pili baada ya mumewe kukamatwa. Hamimu akaifungua. Ilikuwa fomu ya nusu ukurasa, iliyopigwa chapa, yenye namba 14 pembeni, na juu yake maneno ambayo mafundi wote wa Bujumbura wanayajua hata wasiojua kusoma: bon ya kuondoa miti. Yaani kibali cha kung'oa miti ya mikaratusi inayoshikilia zege la dari mpaka likomae. Chini yake mhandisi msimamizi alikiri kwamba amefika, amekagua, na ameruhusu. Sahihi ipo. Muhuri upo. Tarehe: 14 Mei 2002.

Hamimu alisimama pale pale juani akaisoma mara tatu.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Mzee Majid, mwenye duka la vitambaa, wa zile familia zilizotoka Omani zamani na kuzikwa hapa hapa vizazi vitatu, alikuwa anajenga zahanati ndogo Carama, kaskazini mwa mji, iwe sadaka ya kumrehemu mama yake, Bi Thuwaiba. Kazi alimpa mkandarasi aitwaye Adrien. Msimamizi alikuwa mhandisi Maxime wa Kinindo. Fundi mkuu wa zege alikuwa Sylvère. Zege la dari, dalle kwa lugha ya mafundi, lilimwagwa Jumamosi, tarehe nne Mei. Jumatano ya tarehe kumi na tano, asubuhi, lilianguka lote kwa mkupuo mmoja na kumuua Pascaline, mwanamke wa Kamenge aliyekuwa akibeba maji ya kulimwagilia lisikauke upesi. Alikuwa ameingia chini ya kivuli chake kunywa uji.

Mji ulisema ni bomu. Siku zile mlango ukijibamiza mji ulisema ni bomu. Hamimu aliliondoa bomu kwa kuangalia picha alizopiga msaidizi wake Gaspard: hapana kilichoungua, hapana kilichorushwa, zege limekaa chini papo hapo lilipokuwa juu. Mzee Majid akasema basi ni mchanga wa mtaroni. Mchanga ukapimwa, ukaonekana mzuri. Halafu Adrien akaja ofisini mwenyewe, shati limepigwa pasi, akasema kwa masikitiko kwamba Sylvère aling'oa miti bila ruhusa akaifanye kuni nyumbani kwake. Kesho yake Sylvère akakamatwa, na kila mtu akaendelea na vita vyake.

"Chef, dosye ya Sylvère kesho inaenda kwa mwendesha mashtaka," alisema Gaspard, ambaye alikuwa amewafuata hadi nje. Gaspard alikuwa kijana wa miaka thelathini, mwepesi, mtiifu, mwandiko wake mzuri kama wa mtawa. Mkononi alikuwa na fomu za ofisi. "Na hizi, kama barabara itafungwa tena."

Hamimu aliziweka juu ya boneti ya gari akazitia sahihi, nane, moja baada ya nyingine, huku akili yake iko kwenye namba 14. Hakuzisoma, maana hazikuwa na cha kusoma. Kisha akamwambia Candide angoje, akawasha gari kuelekea Kinindo.

*

Kinindo ni kama mji mwingine. Uzio wa maua, mbwa waliolishwa, magari ya mashirika yenye bendera ndogo. Mhandisi Maxime alimpokea barazani. Alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, suruali ya kitambaa kizuri, miwani mfukoni, na adabu ile ya watu waliosoma Ulaya wakarudi. Aliagiza chai iletwe. Alizungumza Kiswahili kwa kumheshimu mgeni, ingawa Kifaransa kilikuwa kikimtoka puani.

Juu ya meza, kwenye sinia, kulikuwa na wito wa ofisi ya upelelezi ambao Gaspard alikuwa amemletea Ijumaa. Maxime hakuwa ameitika, akidai shinikizo la damu. Hamimu hakumlaumu. Alimuuliza tu, kwa sauti ya mtu anayeulizia hali ya watoto, Jumanne tarehe kumi na nne Mei alikuwa wapi.

Maxime alijibu kwamba alikuwa Carama, kwenye kazi ya Mzee Majid. Alipita njia gani? Ile ya kawaida, ya Kamenge. Saa ngapi? Saa tatu asubuhi, labda na nusu. Zege alilionaje? Zuri, alisema Maxime, lilikuwa zuri.

"Jumatatu ile na Jumanne ile jeshi lilifunga njia ya kaskazini pale Kamenge," alisema Hamimu. "Watu wa ndani walikuwa wanatembea huko huko ndani. Toka mjini hakupita gari. Mi mwenyewe walinirudisha, na kadi yangu nimewaonyesha."

Maxime alivaa miwani, akaivua.

"Basi itakuwa Jumatano."

"Jumatano dalle ilikuwa imelala juu ya Pascaline."

Hamimu akatoa kibali, akakilaza mezani bila kukiachia. Akamwonyesha mambo mawili, taratibu, kwa ncha ya kalamu. Sahihi ilikuwa ya wino wa buluu, wa kalamu ya kujaza, umekolea na kuenea kidogo. Tarehe na jina la mahali vilikuwa vya bik nyeusi, kalamu ya kawaida ya dukani. Tena ile nne ya kumi na nne ilikuwa imefungwa juu, na Maxime, kwenye barua zote zilizokuwa kwenye dosye, jalada la kesi, nne zake huziacha wazi. Hapo Hamimu akaomba kuletewa kitabu cha vibali.

Kililetwa. Kilikuwa kitabu cha kurasa hamsini. Fomu ishirini zilikuwa zimechanwa, na vishina ishirini vimebaki, kila kishina na nafasi ya kuandika jengo, siku na saa. Hamimu alivipekua kimoja kimoja, akilowesha kidole. Vyote ishirini vilikuwa vyeupe pe.

Maxime alianza kueleza kabla hajaulizwa. Alisema kwamba mwaka 2000 guruneti ilirushwa hatua mia mbele ya gari lake, na tangu hapo mguu wake haukukanyaga kaskazini. Lakini kazi zilikuwepo, na watu walitaka nyumba. Basi alizitia sahihi na muhuri fomu ishirini siku moja, hapa hapa barazani, akampa Adrien. Walikubaliana kwamba Adrien atampigia simu kabla ya kujaza kila moja. Mwanzoni alipiga. Baadaye alipiga mara moja moja.

"Na hii?"

"Hii hakupiga."

Adrien, alisema Maxime, alikuwa na kazi nyingine Kamenge iliyokwama kwa kukosa miti, na miti iliyokuwa karibu ilikuwa ile ya Carama. Stoo yake iko Kamenge, ndani ya kizuizi. Alijaza kibali asubuhi ile, akampa Pascaline, ambaye alikuwa anapita hapo na dumu lake kila siku, ampelekee Sylvère. Jioni lori likaja kuchukua miti. Adrien mwenyewe alimwambia hayo kwa simu siku ya maziko, akimsihi anyamaze, maana sahihi ni yake.

Kwa hiyo Pascaline aliibeba karatasi hiyo kwa mkono wake, kilomita mbili, na dumu kichwani. Zege la siku kumi, Hamimu aliwahi kuambiwa, ni kama ugali ambao haujaiva: juu unashika, ndani uji. Linataka siku ishirini na nane.

Ndipo Maxime akaleta mkataba. Alikuwa ameuandaa, mjanja, alama ya penseli ipo tayari. Kifungu kilisema mhandisi atatembelea kazi "kadiri usalama utakavyoruhusu". Alikisoma mara mbili, na ya pili alikisoma polepole zaidi, kana kwamba polepole inaongeza haki.

"Sheria inasema mhandisi na mjenzi wanalibeba jengo lao miaka kumi," alisema Hamimu. "Hili hamkulibeba hata siku kumi na mbili. Sikiliza, Monsieur Maxime. Usalama unaweza kukusamehe kutokwenda. Hauwezi kukusamehe kuandika kwamba ulikwenda. Uliacha sahihi yako itembee peke yake mahali ambapo we mwenyewe unaogopa kutembea."

Lilikuwa neno zuri. Hamimu alilipenda lilipotoka, na baadaye, kila alipolikumbuka, alitamani lingemkwama kooni.

Maxime aliinamisha kichwa. Machozi yalimtoka bila kelele, machozi ya mtu mkubwa, yasiyo na pa kujificha. Alisema anaona haya hata kwa mke wake, kwamba tangu siku ile hali chakula mezani na watoto. Kisha mkono wake ukaenda kwenye sinia, ukachukua ule wito wa Ijumaa, ukaulaza kando ya kibali. Hakufanya kwa jeuri. Alikuwa anatapatapa tu, na mfa maji haachi kutapatapa.

"Inspecteur, nisamehe. Hii nimeiangalia tangu Ijumaa, kila asubuhi. Sahihi ni yako, ya buluu. Jina langu, siku, saa, yote ni bik nyeusi, mukono mwingine. Aliyeileta nilimuuliza, chef wako ananitaka kwa neno gani? Akasema chef hajui bado, yeye atamwambia baadaye."

Hamimu aliziangalia zile karatasi mbili. Zilifanana kama watoto wa tumbo moja. Nyani haoni kundule, walisema wahenga, wala hawakusema nyani ajisikieje siku akionyeshwa. Uso ulimwaka. Alitaka kusema kwamba hayo ni mengine, kwamba ofisi ina watu wanne na vita vina miaka tisa. Sentensi ilikuwa imeshafika kwenye ulimi alipogundua kwamba ndiyo ile ile ya mkataba, "kadiri usalama utakavyoruhusu".

Aliandika maelezo ya Maxime, akampa asome, na Maxime akayatia sahihi mbele yake. Kitabu cha vibali akakichukua kama kielelezo cha kwanza. Chai ilibaki haijanywewa.

*

Ofisini alimkuta Candide pale pale chini ya ukuta. Alimpita bila kumsalimu, kwa mara ya kwanza tangu amjue.

Aliomba dosye ya Sylvère akaifungua yeye mwenyewe. Amri ya kukamata: sahihi ya Hamimu, buluu. Jina la mshukiwa, kosa na tarehe 18 Mei, nyeusi, mwandiko ule mzuri kama wa mtawa. Kosa lilikuwa limeandikwa "kuondoa miti bila ruhusa kwa ajili ya kuni", maneno ya Adrien neno kwa neno. Siku ya tarehe 18 Hamimu alikuwa Buyenzi, kwenye harusi ya binti wa dada yake, anakula pilau. Karatasi ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Ilisema kwamba Inspekta Hamimu amemhoji mshukiwa, na mshukiwa hana la kujitetea. Chini, ile sahihi.

Hamimu hakuwahi kumwona Sylvère hata siku moja.

Alimwita Gaspard. Gaspard alikuja, akaangalia karatasi, akamwangalia mkubwa wake, hajaelewa tatizo ni nini. Aliulizwa kama Sylvère alisema lolote kuhusu karatasi. Ndiyo, alisema, alikuwa anaimba wimbo huo huo, karatashi, karatashi, ndiyo maana walimkaza kidogo. Aliulizwa kwa nini hakuandika.

"Chef, we hukuuliza," alisema Gaspard. "Njo vile tulikuwa tunafanya siku zote."

Hapakuwa na uwongo ndani ya jibu hilo, na ndiyo maana lilimuuma. Hamimu alivuta mtoto wa meza ya Gaspard. Fomu nane za asubuhi zilikuwa juu. Chini yake zilikuwepo nyingine kumi na moja, za mwezi uliopita. Alizihesabu, akazifunga kwa uzi, akaandika juu yake "Kielelezo cha pili", na namba ya kesi. Gaspard alimuuliza polepole kama anajua anafanya nini, kwa sababu mwendesha mashtaka atazikuta. Hamimu alimwambia anajua.

Sylvère alipoletwa alikuwa anatembea kwa pembeni ya miguu, nyayo zimevimba hazikai chini. Alikuwa mtu wa makamo, mfupi, viganja vipana vilivyopasuka kwa saruji. Alijaribu kusimama wima. Hamimu alimpa kiti, kisha akajitambulisha.

Sylvère alimtazama sana.

"Hamimu? Ile ya karatashi?"

"Ndiyo."

"Mi nilifikiri ni jina ya ofisi," alisema Sylvère. "Walikuwa wananisomea tu, Hamimu amesema hivi, Hamimu amesema vile. Sikujua kama iko mutu."

Hamimu alisogeza kiti chake mbele. Kisha akauliza lile alilopaswa kuuliza siku ya kwanza. Fundi wa miaka ishirini, anayeijua saruji kuliko anavyowajua watoto wake, aliondoaje miti siku ya kumi?

Sylvère hakujitetea. Alieleza kwamba Pascaline alimletea karatasi ikiwa imelowa pembeni kwa maji ya dumu. Aliigonga dalle kwa nyundo akasikia sauti yake, akajua. Alimwambia hata Pascaline kwamba hii ingali mutoto mchanga. Akaitazama tena karatasi, ikamwambia mhandisi amefika na amekagua. Alidhani labda mhandisi alikuja yeye Sylvère alipokuwa ameenda kunywa maji.

"Ilikuwa na cachet, muhuri ya mhandisi, chef. Mi ni nani nibishane na cachet? Kichwa yangu ilisema apana, mikono ikafanya. Kosa yangu iko, sikatae. Pascaline nalimuona kila siku, nalala namuona. Lakini kosa yangu si ile mliandika."

Hamimu aliyaandika yote, kosa na utetezi, kwa mkono wake. Halafu akachukua karatasi nyeupe, isiyo fomu, akaandika amri ya kumwachia Sylvère arudi kwake na aitikie wito atakapohitajika. Jina, siku, saa, sababu, sahihi, vyote kwa kalamu moja, mbele ya mwenyewe. Chini akaongeza mstari mmoja: kwamba mshukiwa aliwekwa ndani siku kumi na tisa kwa karatasi iliyotiwa sahihi ikiwa tupu, na kwamba aliyeitia sahihi ndiye huyu anayeandika. Akapiga muhuri, akamsogezea.

Sylvère hakuichukua. Aliweka mikono yake chini ya meza, kama mtu aliyeonyeshwa kitu cha moto.

"Karatashi apana, chef. Nisamehe. Kama unaniachia kweli, nipeleke we mwenyewe. Na ile dalle bado iko pale chini. Ukaione."

Saa tisa alasiri gari lilikuwa kwenye kizuizi cha Kamenge, Sylvère kiti cha nyuma na miguu ameinyoosha, Candide pembeni yake na kikapu mapajani. Askari aliinama dirishani. Aliona kadi, akapiga saluti ya uvivu, akauliza wanaenda wapi. Carama, alisema Hamimu, kwenye zahanati iliyoanguka. Askari alisema anaijua, na kwamba njia ya mbele imechimbika, inataka mtu aliyeizoea.

"We chef, mara ya mwisho ulipita huku lini? Kwa kesi ile?"

Kwenye kioo Hamimu aliona macho ya Candide. Yalikuwa yamengoja jibu hilo siku kumi na tisa chini ya ukuta.

"Sijakuja," alisema. "Hata siku moja."

Askari aliinua mti wa kizuizi, na Sylvère akaanza kumwelekeza njia.